Mizani Kabla ya Kahawa: Kupanga Sauti Kati ya Kompyuta na Spika za Studio

Mhadhara uliotolewa Nshamba, Muleba, mbele ya walimu wa kwaya, wenye studio ndogo na mafundi mitambo

 

Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo ukimweleza mtu barabarani atakuona huna kazi: nobu ya volyumu. Wengine walitaka nizungumzie maikrofoni, wengine bei za vinanda. Nimewaomba radhi. Maikrofoni mbaya nimeshaziona zikitoa kazi nzuri, lakini studio ambayo nobu zake zinahamahama sijaona ikitoa nyimbo mbili zinazofanana.

Kila mtu humu, kama si yeye basi baba yake au bibi yake, amewahi kusimama kwenye foleni ya chama cha msingi na gunia lake la kahawa. Mnakumbuka macho yalikuwa wapi. Hayakuwa kwenye kahawa, maana kahawa umeianika mwenyewe, unaijua. Yalikuwa kwenye mizani. Mkulima mzoefu hataki gunia lake liguse ndoano kabla hajauona mshale umelala kwenye sifuri. Na karani akianza kuichokoachokoa mizani katikati ya gunia la tatu na la nne, waitu, hapo foleni yote inapiga kelele.

Sasa, spika za studio ni mizani. Spika za harusi zimetengenezwa zikupendeze. Za studio zimetengenezwa zikupe habari: besi imezidi, sauti ya tatu imezama, mpiga kinanda amekosea ubeti wa pili. Nami nikiingia katika studio zetu, kuanzia hapa hadi Kamachumu na Bukoba mjini, naona kijana anaichokoa mizani yake kutwa nzima. Asubuhi nobu iko juu kwa sababu ana nguvu. Mchana ameishusha kwa sababu kuna mgeni. Usiku iko chini kabisa kwa sababu mtoto wa jirani amelala. Halafu anashangaa kwa nini wimbo wa Jumatatu na wa Alhamisi, kwaya ileile, chumba kilekile, zinasikika kama kazi za watu wawili wasioelewana.

Tuanze na njia yenyewe. Hesabuni nami. Sauti iliyorekodiwa imekaa ndani ya programu. Pale kuna kitelezi cha kila chombo, kisha kitelezi kikuu. Ikitoka kwenye programu inakutana na volyumu ya kompyuta yenyewe, ile yenye alama ya spika pembeni mwa skrini. Ikitoka hapo inafika kwenye kadi ya sauti. Kama ni ile ya nje ya kijisanduku, nayo ina nobu yake. Kisha waya. Kisha nyuma ya spika kuna nobu nyingine, maana spika hizi zina amplifaya ndani. Yamaha HS5, kwa mfano, ambayo wengi mnaijua, ina amplifaya mbili katika sanduku moja: ya wati 45 kwa ile spika ya inchi 5, na ya wati 25 kwa ile ndogo ya juu. Kwa hiyo tuna bomba moja lenye koki tano, zimepangana mstari mmoja. Ukifunga nusu ya kwanza na kufungua sana ya mwisho, maji yatatoka. Ukifungua sana ya kwanza na kubana ya mwisho, maji yatatoka pia. Ndiyo maana watu wengi hudhani haidhuru.

Inadhuru, na anayejua kwa nini ni mtengeneza rubisi. Anapoihamisha pombe kutoka kwenye mtumbwi wa kukamulia kwenda kwenye kibuyu, na kutoka kibuyu kikubwa kwenda kidogo, anajua kila chombo kina mashapo yake. Vyombo vya umeme ni hivyohivyo. Kadi ya sauti ina mvumo wake mdogo wa kudumu, amplifaya ya spika ina wake. Mvumo huo hauongezeki wala haupungui kwa sababu wimbo ni mkubwa au mdogo, upo tu. Ukituma sauti nyembamba kutoka kwenye kompyuta, tuseme umeiweka kwenye 15 kati ya 100, kisha ukaifungua nobu ya spika hadi mwisho ili usikie, umeukuza wimbo pamoja na mashapo yote yaliyoingia njiani. Ndiyo ile "shhhh" mnayoisikia kati ya ubeti na kiitikio.

Upande wa pili kuna kumwagika. Kibuyu kikijaa hakibembelezwi. Katika sauti ya kidijitali dari ni sifuri. Mita zote huhesabu kushuka chini kutoka hapo, na hakuna kitu juu ya sifuri isipokuwa sauti kupasuka. Kadi nazo zina dari zao. Tundu la hedifoni la kompyuta ndogo nyingi hutoa volti moja hivi, au pungufu, likifunguliwa lote. Kadi za kitaalamu hutoa volti kadhaa. Vyombo vya studio vinazungumza kwa kipimo kiitwacho +4 dBu, ambacho ni volti 1.23, vyombo vya nyumbani vinazungumza kwa −10 dBV, ambayo ni volti 0.316. Kati ya viwili hivyo kuna pengo la desibeli 12 hivi. Baadhi ya spika zina swichi nyuma iliyoandikwa namba hizohizo mbili, na nimekuta wengi wamepiga plasta juu yake wakidhani ni ya mafundi wa kiwandani. Ibandueni. Kama unatumia tundu la hedifoni la kompyuta, iweke kwenye −10. Kama una kadi ya nje yenye jeki kubwa, iweke kwenye +4. Kazi imekwisha, usiiguse tena.

Kuna mabishano ambayo vijana hupenda kuniletea, ya biti. Kwamba kushusha volyumu ya kompyuta kunakula biti, na hivyo kunaharibu muziki. Ni kweli kwa hesabu: kila biti moja ni desibeli 6 hivi, kwa hiyo sauti ya biti 16 ina nafasi ya desibeli 96, na ukiishusha kwa 48 umebaki na biti 8. Lakini kompyuta za leo hufanya hesabu zake ndani kwa nafasi pana zaidi, na kadi nyingi hutoa biti 24. Mimi sijawahi kusikia kwaya iliyoharibiwa na biti. Nimesikia nyingi zilizoharibiwa na sikio la fundi, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Nina hadithi ya aibu. Niliwahi kufanya kazi ya kwaya moja ya wilaya hii, jina naliacha. Tulirekodi vizuri, waimbaji arobaini na kitu, kinanda na ngoma. Kuchanganya nilikufanya usiku, siku tatu, katika chumba cha nyumba ya kupanga ambamo ukuta ni wa mbao na upande wa pili kuna familia. Nobu niliiweka chini kabisa, kiasi cha mtu anayenong'ona. Kwa kiasi kile besi ilikuwa haisikiki vizuri, nikaiongeza. Bado ikawa nyembamba, nikaiongeza tena. Ngoma nazo nikazipa mwili. Nikaenda kulala nimeridhika. Jumapili wakaupiga wimbo ule kanisani kwenye spika kubwa. Wazee, madirisha yalitetemeka. Sauti ya kwanza ilikuwa imefukiwa, soprano wanafungua midomo unaona lakini husikii, na besi inavuma kama lori la ndizi linapanda mlima. Mwenyekiti wa kwaya hakusema neno. Aliniangalia tu.

Sikuwa nimekosea kuchanganya. Nilikuwa nimepima kwa mizani iliyolala upande. Sikio la binadamu halisikii besi na sauti za kati kwa usawa, na kutolingana huko kunabadilika kufuatana na ukubwa wa sauti. Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walilionyesha hilo mwaka 1933 wakiwa katika maabara za Bell, na leo jambo hilo lina kipimo cha kimataifa kinachojulikana kama ISO 226. Chukua sauti ya kati ya hezi 1,000 ikiwa ndogo, desibeli 40. Ili besi ya hezi 100 isikike sawa nayo, inahitaji kuzidishwa kwa desibeli 24 hivi. Panda hadi desibeli 80: sasa besi ileile inahitaji kuzidishwa kwa 12 au 13 tu. Maana yake, usiku ule sikio langu lilikuwa linaninyima besi kwa zaidi ya desibeli kumi, nami nikailipa kutoka kwenye mfuko wa kwaya. Anayechanganya kwa kelele kubwa hukosea kinyume: besi inamtosha mapema, anaipunguza, na wimbo ukipigwa kwenye redio ndogo jikoni unasikika kama umepigwa kwa vijiti.

Ndiyo maana nasema nobu ya spika za studio haipo kwa ajili ya kuongeza na kupunguza raha. Inapangwa mara moja kwa kipimo, inawekewa alama, na inaachwa.

Kipimo gani? Watu wa filamu wanao wao: katika ukumbi wa sinema kila spika ya mbele hupangwa itoe desibeli 85 pale mtu anapokaa, wakipiga sauti ya majaribio iliyo desibeli 20 chini ya dari. Fundi mmoja wa Marekani, Bob Katz, alipendekeza 83 kwa watu wa muziki, na pendekezo lake likawa maarufu kwa jina la K-System. Lakini hizo ni namba za vyumba vikubwa. Chumba cha studio cha hapa kwetu, mita tatu kwa tatu, kitanda kimesukumwa ukutani, desibeli 83 zitakuchosha kabla ya saa sita. Mimi hutumia 76. Mwingine atatumia 74 au 78, sigombani naye. Ninachogombania ni kwamba akichagua 76 leo, kesho iwe 76, na mwezi wa senene iwe 76.

Namna ya kufanya ni hii. Kwanza zima kila kitu kinachojifanya kusaidia: kwenye mipangilio ya sauti ya kompyuta kuna kitufe cha maboresho, na pengine cha kusawazisha ukubwa wa sauti. Hicho cha pili ndicho karani mwenye kidole kwenye mizani. Kinapandisha panapotakiwa kuwa chini na kushusha panapotakiwa kuwa juu bila kukuuliza. Kizime. Kisha kitelezi kikuu cha programu kiweke kwenye sifuri. Volyumu ya kompyuta ipeleke 100. Kama unatumia tundu la hedifoni, piga wimbo na usikilize kwa hedifoni kama 100 inakwaruza. Baadhi ya kompyuta za bei nafuu hukwaruza mwishoni. Ikikwaruza, rudi hadi inyamaze, kisha hapo pabaki. Nobu ya kadi ya nje nayo ipandishe hadi karibu na mwisho, halafu usiisogeze.

Wakati huo wote spika zimezimwa na nobu zake ziko sifuri. Washa. Sasa unahitaji kelele ya waridi. Jina ni la kuchekesha, lakini mnaijua: ni ule mvumo wa mvua ya masika ikitua kwenye bati bila upepo, sauti zote za juu na za chini zimegawana nguvu sawa kwa kila okteva. Programu nyingi za kurekodi zinaweza kuitengeneza. Iwe kwenye −20, ukiangalia mita ya wastani na si ya kilele. Ziba spika ya kulia kwa kuichomoa waya, baki na ya kushoto. Kaa pale unapokaa siku zote, simu yako iwe mahali kichwa kinapokuwa, na programu ya bure ya kupima sauti imefunguliwa. Pandisha nobu ya nyuma ya spika polepole hadi simu isome 76. Geuka upande wa pili, fanya hivyohivyo kwa ya kulia. Zikitofautiana kwa zaidi ya desibeli moja, mwimbaji wa katikati atahamia upande mmoja, nawe utahangaika kumrudisha kwa kumpaka dawa isiyo yake.

Mtaniambia simu si chombo cha maabara. Sawa. Inaweza kukosea kwa desibeli kadhaa. Lakini ikikosea itakosea vilevile kesho, na tunachotafuta hapa ni sifuri isiyohama. Mizani ya chama inayopunguza nusu kilo kwa kila gunia utaijua na utaidai. Ile inayopunguza leo na kuongeza kesho haina dawa.

Ukimaliza, chukua rangi ya kucha ya dada yako na uweke nukta kwenye nobu na nyingine kwenye sanduku, zitazamane. Nyekundu inaonekana hata umeme ukiwa hafifu. Mteja akitaka kusikiliza kwa kelele, mpandishie, acheze, afurahi, kisha rudisha nukta kwenye nukta.

Swali ambalo najua linakuja: volyumu ya kompyuta ikiwa 100, ujumbe wa simu iliyounganishwa na kompyuta ukiingia si utanipasua masikio? Utakushtua. Zima milio yote ya kompyuta ya studio. Wala intaneti haihitaji kuwa wazi wakati unachanganya. Ukiwa umepanga 76 kwenye −20, hata sauti ikigonga dari haiwezi kuwa ya kukuua. Hatari iko kwa yule mwenye nobu ya spika mwisho na kompyuta kwenye 15, ambaye siku moja mdogo wake anagusa kitelezi.

Nigusie nyaya kwa haraka, maana nimeona kosa moja mara nyingi mno. Jeki ndogo ya hedifoni ina mistari miwili, na jeki kubwa ya kadi ya studio ina mistari miwili pia. Zinafanana sura, kazi ni mbalimbali. Ya hedifoni inabeba kushoto na kulia. Ya studio inabeba sauti moja mara mbili, moja ikiwa imegeuzwa, ili kelele za njiani zifutane. Ukichukua ya hedifoni ukaichomeka moja kwa moja kwenye tundu kubwa la spika, spika itaondoa sauti ya kulia kwenye ya kushoto. Vyote vilivyo katikati vinafutika. Mwimbaji wa solo anatoweka, unabaki na mwangwi wake na kayamba. Kijana mmoja aliniambia kompyuta yake "imerogwa, inakula waimbaji". Nunua waya unaogawanyika: jeki ndogo moja upande huu, jeki kubwa mbili upande ule, kila moja na mstari mmoja.

Na mvumo wa umeme. Mkoa wetu kwa miaka mingi ulivuta umeme wake kutoka Uganda, na taa zinazopumua tumezizoea, lakini mvumo ninaousema si wa taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo wake mara nyingi husikika pia kwenye 100, ambapo ni karibu kabisa na ile G ya chini ya waimbaji wa besi. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya anaweza kudhani kuna mzee mmoja hajanyamaza. Chomoa chaja ya kompyuta. Mvumo ukikoma, tatizo ni ardhi inayozunguka kati ya chaja na spika. Chomeka vyote kwenye soketi moja ya ukutani kupitia ekstensheni moja, na tumia nyaya za jeki za studio. Usikate pini ya ardhi. Najua inafanyika, najua mvumo unakoma. Siku spika ikipata hitilafu ndani, ardhi itakayobaki ni wewe.

Haya yote yanagusa zaidi muziki wetu wenyewe kuliko muziki wa dansi. Profesa Mulokozi aliandika tasnifu yake ya mwaka 1986 juu ya tendi za nanga za Wahaya, na ukisoma mambo yale unatamani kusikia. Nanga ni chombo cha upole. Uzi unapigwa, unalia, na mkia wake unaisha taratibu ukielekea kwenye ukimya, wakati mwimbaji anaweza kunong'ona sasa hivi na kupaza sauti dakika inayofuata. Mkia ule ndio wa kwanza kuzama kwenye mashapo. Nimesikiliza rekodi za vijana ambamo nanga imekandamizwa hadi kila mlio una ukubwa mmoja, kwa sababu fundi, kwa nobu aliyoiweka, hakuusikia mkia akadhani haupo. Kwenye nukta nyekundu angeusikia.

Fanyeni pia jaribio hili. Chukueni "Maria Salome" ya Saida Karoli, binti wa mkoa huu, ya mwaka 2001, na "Salome" ya Diamond Platnumz na Rayvanny ya mwaka 2016 iliyotokana nayo. Mpigieni mtu nyimbo hizo mbili, kisha mbadilishieni volyumu bila yeye kujua. Ile itakayokuwa kubwa kidogo, desibeli mbili tu, ataisifu kuwa ina mwili zaidi. Sikio linahongeka. Ndiyo maana unapolinganisha kazi yako na wimbo uliokwisha kutoka, shusha ule wimbo kwenye programu hadi ulingane na wako, huku nobu ikibaki palepale.

Na kwa kuwa masikio ndiyo mtaji: taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila ukiongeza 3 muda unakatwa nusu. Desibeli 88, saa 4. Desibeli 94, saa moja. Desibeli 100, robo saa. Fundi wa harusi anayesimama mbele ya spika kubwa Jumamosi nzima, kisha Jumapili jioni anakaa kuchanganya albamu, anachanganya kwa masikio ya kuazima.

Nimeleta spika mbili na kompyuta, ziko pale mezani. Zikiwashwa kwanza spika halafu kompyuta, mtasikia mshindo ambao sitaki muusikie. Kwa hiyo spika huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza. Huyo kijana aliye karibu na swichi, naomba uwashe kompyuta. Subiri kidogo. Sasa spika. Na mwenye rangi ya kucha asogee mbele.